Wachezaji Hupita, Mashabiki Hubaki

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana hadithi ya leo ni ya watu wenye sauti kubwa.

Kule Marekani kuna jimbo liitwalo Iowa, limelala kati ya mito miwili mikubwa: Mississippi upande wa mashariki, Missouri upande wa magharibi. Ukilikatiza kwa gari utaona mahindi, kisha mahindi, kisha mabanda ya nguruwe, kisha mahindi tena. Hakuna jimbo Marekani nzima linalovuna mahindi mengi kuliko hilo, wala linalofuga nguruwe wengi kuliko hilo. Watu wake ni milioni 3 na ushei tu. Chicago na New York zina timu za kulipwa zenye matajiri wake na viwanja vyake. Iowa haina hata timu moja katika ligi kubwa za kulipwa za nchi hiyo. Na binadamu, wajukuu zangu, hakai hivi hivi bila timu ya kumliza.

Basi watu wa Iowa wakageukia vyuo vyao. Chuo Kikuu cha Iowa kilianzishwa mwaka 1847 katika mji wa Iowa City. Timu zake zote, za wavulana na za wasichana, huitwa Hawkeyes, na rangi zake ni nyeusi na dhahabu. Kipindi cha vuli mashabiki hufuata futiboli ya Kimarekani. Baridi ikiingia wanahamia ukumbini kutazama mpira wa kikapu na mieleka. Mwaka mzima ratiba ya nyumba inapangwa kwa kuitazama ratiba ya chuo, na anayetaka kufunga ndoa Jumamosi ya mechi ajue kabisa kwamba nusu ya wageni watakuwa wanachungulia simu.

"Bibi, kwani lazima uwe umesoma hapo ndiyo uwe shabiki?"

Swali zuri. Hapana. Yumo mkulima aliyeishia sekondari, yumo dereva wa lori, yumo muuguzi. Wengi waliirithi timu kutoka kwa wazazi, kama watoto wa Dar es Salaam wanavyozaliwa na kukuta nyumba tayari ni ya Simba au ya Yanga. Na msidhani huko ni mbali sana na sisi: siku hizi Iowa City wanaishi pia Wakongomani wasemao Kiswahili, kwa hiyo hadithi hii ningeweza kuisimulia kulekule, kwa lugha hii hii, na wangenielewa.

Sasa shikeni jambo moja, maana ndilo mzizi wa hadithi. Timu ya kulipwa inaweza kukaa na mchezaji miaka kumi na zaidi. Timu ya chuo haiwezi. Mchezaji wake ni mwanafunzi, na kwa kawaida hucheza misimu minne, basi. Unamwona akiingia mwaka wa kwanza akitetemeka, unamzoea, unaliimba jina lake, na pale unapoanza kumpenda kama ndugu yako anavaa joho la mahafali na kwenda zake. Wengine hata hiyo minne hawaimalizi, wanahamia chuo kingine chenye ahadi nono, kwa sababu tangu mwaka 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Kama wachezaji wote hupita, anayeshabikia chuo kimoja kwa miaka hamsini anafuata nini hasa?

Lishikeni hilo swali. Tutamuuliza kila mtu tutakayekutana naye njiani.

Wa kwanza ni kijana aitwaye Nile Kinnick, mcheza futiboli. Futiboli hiyo si mpira wa miguu wetu. Mpira wake una ncha mbili, kila upande una wachezaji kumi na mmoja, na wanaoshambulia wanapewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, yaani karibu mita 9. Wakishindwa, wanaupoteza. Wakiufikisha mpira ukingoni mwa uwanja wa wapinzani, wanapata pointi sita, na wakiupiga teke ukapita kati ya milingoti wanaongeza moja.

Mwaka 1939 Iowa walikuwa na kikosi chembamba, kiasi kwamba baadhi ya wachezaji walicheza dakika zote 60, wakishambulia na kulinda, bila kupumzishwa. Watu wakawaita wanaume wa chuma. Tarehe 11 Novemba wakakutana na Notre Dame, chuo chenye jina kubwa sana katika mchezo huo. Kinnick akaufikisha mpira ukingoni, pointi sita. Akaupiga teke yeye mwenyewe, pointi ya saba. Notre Dame nao wakapata sita, lakini ile ya saba ikawashinda. Mwaka huo Kinnick alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli wa vyuo vyote vya Marekani. Ulaya vita vilikuwa vimekwisha kuwaka, na katika hotuba yake alimshukuru Mungu kwamba alikuwa akipambana viwanjani, si kwenye medani za vita.

Vita vikamfuata. Alijiunga na jeshi la majini akawa rubani, na tarehe 2 Juni 1943, wakati wa mazoezi, ndege yake iliharibika ikaanguka baharini karibu na Venezuela. Alikuwa na miaka 24.

Uwanja wa chuo, uliofunguliwa mwaka 1929, unaitwa Kinnick tangu mwaka 1972. Unachukua watu karibu 70,000, na mji wenyewe una wakazi 75,000 hivi. Siku ya mechi ni kama mji umebebwa ukapangwa upya kwenye majukwaa. Karibu wote wanaoketi humo hawakumwona Kinnick akicheza. Wanamjua kwa kusimuliwa na wazee wao, na wao watawasimulia wadogo. Ingekuwa shabiki hufuata mabao tu, jina hilo lingekwisha kufutika.

Naona nyuso zimenuna kwa huzuni. Haya, tuingie kwa nguruwe. Na wale wasiomla wasikunje pua, huyu hakuliwa.

Kaskazini mwa Iowa kuna jimbo la Minnesota, na vyuo vya majimbo hayo mawili ni watani wa jadi. Mwaka 1934 utani uliharibika. Iowa walikuwa na mkimbiaji hodari, Ozzie Simmons, Mmarekani Mweusi, katika siku ambazo wachezaji weusi kwenye vyuo vikubwa walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wachezaji wa Minnesota walimkamia na kumpiga hadi akatoka uwanjani akiwa ameumia. Watu wa Iowa waliondoka na kinyongo, wengi wakiamini kwamba aliandamwa kwa sababu ya rangi yake.

Mwaka uliofuata mechi ikawa Iowa City. Gavana wa Iowa, Clyde Herring, akatamka hadharani kwamba waamuzi wakivumilia tena ukatili ule, watazamaji hawatauvumilia. Hebu fikirini: kiongozi wa jimbo anasema hivyo kabla ya mechi! Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akaona moto unakuja. Akamtumia mwenzake telegramu yenye masihara: tuwekeane dau la nguruwe, atakayeshindwa amlete. Watu wakacheka, hasira ikapoa, mechi ikachezwa salama. Minnesota walishinda 13 kwa 6, na Herring, mtu wa ahadi, akampeleka nguruwe mzima mzima mpaka ndani ya ofisi ya Olson. Nguruwe akaitwa Floyd, jina la gavana mshindi. Mwaka 1936 alikufa kwa maradhi ya nguruwe, lakini alichongewa sanamu ya shaba, na hadi leo timu hizo zikicheza, washindi hukimbia pembeni mwa uwanja kumnyanyua. Vijana wenye mabega kama milango wanagombea kumbeba nguruwe!

Cheko ni dawa, sikatai. Lakini cheko la magavana halikufuta alichotendewa Simmons. Kwa hiyo mkiisimulia hadithi ya nguruwe, msimwache Simmons nje ya mlango. Shabiki anayekumbuka sehemu za kuchekesha peke yake ni msimulizi nusu.

"Bibi, wanapigana tena siku hizi?"

Siku hizi wanapigana kwa rangi. Hayden Fry, kocha wa futiboli wa Iowa kuanzia mwaka 1979 hadi 1998, alikuwa amesoma saikolojia. Akaagiza chumba cha kubadilishia nguo cha wageni kipakwe rangi ya waridi, akiamini rangi hiyo inampoza mtu. Uwanja ulipokarabatiwa miaka ya 2000, hata masinki na kabati za nguo zikawa za waridi. Wapo waliolalamika kwamba ni dhihaka kwa wanawake, wapo waliosema ni mzaha tu, na ubishi huo haujaisha. Chumba bado ni cha waridi.

Lakini Fry nampendea jambo jingine. Katikati ya miaka ya 1980 wakulima wa Marekani walizama kwenye madeni. Bei ya mazao na ya ardhi ilishuka, riba zikapanda, na familia zilizolima shamba moja kwa vizazi zikaliona likipigwa mnada. Mwaka 1985 huohuo timu ya Fry ilikuwa moto. Tarehe 19 Oktoba, Iowa wakiwa wa kwanza kwenye orodha ya nchi nzima waliwakaribisha Michigan waliokuwa wa pili, wakashinda 12 kwa 10 kwa teke la sekunde ya mwisho. Macho ya nchi yakawa kwao. Basi Fry akabandika kwenye kofia ngumu za wachezaji kibandiko cha duara cha manjano chenye herufi tatu zilizobeba ujumbe kwamba Marekani inahitaji wakulima. Madeni hayakulipwa na kibandiko. Ila mkulima aliyekaa mbele ya televisheni akihesabu atakachouza kesho aliiona timu yake imebeba shida yake kichwani, mbele ya nchi nzima. Kibandiko hicho kipo hadi leo. Wachezaji walioanza nacho sasa ni wazee.

Sasa tutoke kwenye baridi tuingie ukumbini. Kwanza mieleka, ambayo Iowa ni kama ibada. Kocha Dan Gable aliiongoza timu ya chuo tangu 1976 hadi 1997, akatwaa ubingwa wa taifa mara 15. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1972 mjini Munich, ambako hakuna mpinzani aliyepata hata pointi moja dhidi yake. Na sikieni kichekesho: alisoma chuo cha wapinzani, Iowa State! Mtani akija kukujenga, mkaribishe. Mwaka 2015 waliutandika mkeka wa mieleka katikati ya uwanja wa futiboli, wakaja watu 42,287 kutazama vijana wawili wawili wakikabana.

Wasichana, nyinyi mlionyamaza muda wote, zamu yenu imefika.

Iowa walipenda mpira wa kikapu wa wasichana zamani sana kabla ya wengi. Mashindano ya jimbo ya shule za sekondari za wasichana yalianza mwaka 1920. Walikuwa na mtindo wao: timu ya watu sita, watatu wa kushambulia na watatu wa kulinda, mstari wa kati hauvukwi, na mpira haudundwi zaidi ya mara mbili. Mtindo huo uliendelea hadi mwaka 1993. Vijiji vizima vilifunga maduka kwenda kuwatazama mabinti zao. Kwa hiyo, mwaka 1983 kocha C. Vivian Stringer, mwanamke Mweusi mwenye ndoto kubwa, alipofika chuoni, alikuta mbegu iko ardhini inasubiri mvua. Tarehe 3 Februari 1985 timu yake ilicheza na Ohio State, na ukumbini wakaingia watu 22,157, wengi kuliko viti vilivyokuwepo, wakiwa wamesimama kwenye ngazi na njia. Mchezo wa wanawake wa vyuo Marekani ulikuwa haujapata kuona umati kama huo.

Miaka 35 baadaye akaja Caitlin Clark, binti wa palepale Iowa. Msimu wake wa kwanza, 2020 hadi 2021, ulikuwa wa korona; alifunga mbele ya viti vitupu. Msimu wake wa mwisho tiketi zote za nyumbani ziliisha kabla msimu haujaanza. Tarehe 15 Februari 2024, wakicheza na Michigan, alirusha mpira kutoka zaidi ya mita 10, ukaingia, akawa mfungaji bora wa wanawake katika historia ya daraja la kwanza la vyuo. Usiku huo alifunga pointi 49. Wiki chache baadaye akaipita hata rekodi ya wanaume, iliyowekwa na Pete Maravich zaidi ya miaka 50 nyuma, na akamaliza chuo akiwa na pointi 3,951. Wasichana wadogo walijaa ukumbini na jezi namba 22. Na wavulana pia, msicheke, wamevaa jezi ya binti bila wasiwasi wowote.

"Kwa hiyo wakawa mabingwa?"

Hapana, mjukuu wangu. Mwaka 2023 walifika fainali ya taifa wakafungwa na chuo cha LSU, 102 kwa 85. Mwaka 2024 wakafika tena, wakafungwa na South Carolina, 87 kwa 75. Fainali hiyo ya pili ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 18, na kwa mara ya kwanza fainali ya wanawake ikawa na watazamaji wengi kuliko ya wanaume. Fikirini hayo machozi: nchi nzima imekuja kukutazama, na wewe unashindwa. Kisha Clark akahitimu, akaenda kwenye ligi ya kulipwa, na kocha wake Lisa Bluder akastaafu.

Msimu uliofuata ukumbi ulijaa tena. Hapo ndipo namuona shabiki wa kweli. Anayependa ushindi tu anahama na mshindi. Anayempenda nyota peke yake anaondoka na nyota. Aliyebaki amekaa pembeni ya mtu aliyekaa naye tangu mwaka juzi, anauliza hali ya mama yake mgonjwa, kisha anamtolea macho binti mpya wa mwaka wa kwanza na kusema: haya, tuone huyu.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Mwaka 2017 chuo kilifungua hospitali mpya ya watoto ng'ambo tu ya barabara kutoka uwanja wa Kinnick. Ni jengo refu, na ghorofa zake za juu zinauchungulia uwanja. Watoto wenye saratani, wenye maradhi ya moyo, waliozaliwa kabla ya wakati wakakua na dripu mkononi, siku ya mechi wanasogezwa dirishani na wazazi wao. Shabiki mmoja, mtu wa kawaida, akatoa wazo: kwa nini sisi tulioko chini tusiwapungie mkono?

Hapakuwa na mkutano, wala kamati, wala posho. Septemba 2017, mechi ya kwanza ya msimu, robo ya kwanza ya mchezo ilipokwisha watu wakasimama, wakaupa uwanja mgongo, wakainua mikono kuelekea madirishani. Tangu hapo kila mechi ya nyumbani ni hivyo. Wanapunga makocha, wanapunga waamuzi, wanapunga wachezaji wa timu pinzani pamoja na mashabiki wao. Mechi ikiwa ya usiku watu huwasha taa za simu. Juu kule watoto nao hupunga, wengine wamenyanyuliwa kwa sababu miguu haina nguvu. Oktoba 2023 chuo kilihamishia mpira wa kikapu wa wanawake nje, katikati ya uwanja huohuo, Clark akacheza mbele ya watu 55,646, na fedha zilizopatikana zikaenda hospitalini.

Waulizeni mashabiki hao matokeo ya mechi nyingine ya Septemba 2017, dhidi ya chuo cha Penn State. Watawaambia kwa uchungu: walifungwa 21 kwa 19, kwa mchezo wa mwisho kabisa. Lakini waulizeni pia walifanya nini robo ya kwanza ilipokwisha.

Haya, leteni lile swali letu. Anayeshabikia chuo kwa miaka hamsini anafuata nini? Nijibuni wenyewe, msinitazame mimi. Wewe unasema anafuata kumbukumbu. Wewe unasema anafuata jirani zake. Wewe mdogo unasema anafuata nguruwe, na hujakosea sana. Mimi nasema hivi: anafuata kitu ambacho yeye mwenyewe anakitengeneza kwa kuja. Umati wa Stringer haukushuka kutoka mbinguni. Kila mmoja wa wale 22,157 alitoka nyumbani kwake, kwenye baridi, akaja.

Basi nawapa kazi. Mtakapokuwa wakubwa mkaingia chuo, kiwe cha Dar es Salaam, cha Nairobi, cha Makerere au cha Lubumbashi, kutakuwa na jioni timu ya netiboli inacheza na watazamaji wake ni rafiki wawili wa kipa na mwenye duka la jirani. Nenda. Jifunze majina ya wachezaji wote, hata wa akiba. Imba jina la aliyekosea kwa sauti ileile unayomwimbia aliyefunga. Usimtukane binti wa miaka kumi na tisa kwa sababu mpira umemponyoka. Wakifungwa, rudi wiki ijayo, na safari hiyo uje na mwenzako.